DJ wa Nyarubungo: Miksi Ilimpa Jina, Ikamnyima Ndugu

Hapa ataitwa DJ tu, maana hata huko Nyarubungo jina lake la kuzaliwa wengi wameshalisahau. Kibanda chake ni cha mabati. Ndani kuna meza moja, laptop iliyopasuka kioo pembeni, sabufa mbili, na ubao wenye maandishi ya chaki: KUCHAJI SIMU, KUINGIZA NYIMBO, MIKSI MPYA IPO.

Mtu wa boda anakuja na flashi yake, anatoa mia tano, anaondoka na saa nzima ya muziki usiokatika. Wimbo mmoja haujaisha, mwingine umeshaingia. Na kila baada ya dakika mbili, sauti ya DJ inapita juu yake na mwangwi mzito: jina lake la kazi, jina la kijiji, namba ya simu.

Miksi zake zina namba. Ya kwanza ilisikika kijijini tu. Ya pili ikafika Biharamulo mjini. Ya tatu madereva wa malori wakaanza kuiulizia Nyakanazi, pale njia panda ya Kigoma, Kahama na Rusumo, ambako gari haipiti bila kusimama. Ya nne ndiyo ilimfanya asalimiwe na watu asiowajua.

Na hiyo ya nne ndiyo iliyoleta balaa.

Sasa sikia. DJ ana mdogo wake, mtoto wa mama yake mdogo. Dogo alifiwa na mama yake akiwa darasa la pili, akaletwa kulelewa kwa mama mkubwa. Hawa wawili wamelala kitanda kimoja miaka sita, wamegombania blanketi moja, wamepigwa kwa kosa moja. DJ alipofungua kibanda, dogo ndiye aliyekuwa akibaki usiku, mlango umefungwa, anachezea programu ya kutengenezea biti mpaka laptop inaishiwa chaji.

Siku moja dogo akamrekodi mama mkubwa kwa simu akiwa anatwanga kisamvu uani. Mchi unashuka, kinu kinaitika, mama anaguna kidogo kila pigo la tatu. Usiku dogo akaiharakisha ile sauti, akaikatakata, akaizungusha, akaongeza kinanda chembamba kinacholia kama filimbi. Ilitoka biti ya hatari. Ukiisikia, miguu haiombi ruhusa.

DJ akaiweka dakika ya 17 ya miksi ya nne. Juu yake akapitisha jina lake mara tatu. La dogo hakulitaja hata mara moja.

Hakuwa na nia mbaya. Ukimuuliza angekwambia ndivyo miksi zinavyotengenezwa. Nani aliwahi kumtaja prodyuza kwenye miksi ya mia tano?

Miezi ikapita. Dogo akapata kibarua cha ujenzi Kahama, akapanda basi. Walipofika Nyakanazi gari likasimama, abiria wakanunua mahindi ya kuchoma, konda akachomeka flashi. Ikaanza miksi ya nne. Dogo akatulia, anahesabu dakika kichwani. Kinu kikaingia.

Basi zima likachangamka. Mama mmoja kiti cha mbele akatingisha mabega. Kijana wa pembeni akauliza, "Huyu DJ hii biti kaitengeneza mwenyewe?"

Konda akajibu, "Mwenyewe kabisa. Jamaa ni hatari."

Dogo akashindwa kuvumilia. "Hiyo nimetengeneza mimi."

Kimya kidogo. Halafu konda: "Na hili basi umelitengeneza wewe?"

Watu walicheka mpaka Runzewe. Dogo naye akacheka, maana ungefanya nini? Alipofika Kahama akatuma ujumbe mmoja tu: "Kaka, hata jina tu?"

DJ akajibu haraka, vidole mbele ya akili: "Acha utoto dogo, mimi ndo nakutangaza."

Tiki mbili za bluu. Basi. Dogo hakujibu siku hiyo, wala wiki hiyo, wala Krismasi. Mama akipiga simu Kahama, dogo anaongea naye vizuri, anauliza mbuzi, anauliza mvua. Akiambiwa "ngoja nimpe kaka yako," mtandao unasumbua ghafla.

Usiku mmoja DJ alikuwa akitafuta singeli za kuweka kwenye miksi ya tano. Singeli wanaijua wote: muziki wa uswahilini Dar, Manzese, Tandale, Mburahati, unaokimbia mapigo 200 kwa dakika na kuendelea, ukizoea unaona muziki mwingine wote umelala. Katika kutafuta akaangukia ukurasa wa lebo ya Kampala. Nyege Nyege Tapes.

Mama yake alikuwa anapita nyuma na taa. Akasoma. Akasimama.

"Unaangalia nini hicho usiku wa manane?"

"Mama, ni muziki."

"Muziki wa nini?"

Ikabidi DJ aeleze. Kwa Waganda neno hilo ni ile hamu ya ghafla ya kucheza, mwili unaposhindwa kutulia ngoma ikilia. Mama akamtazama kama anavyomtazama muuza dawa za mnadani, akaenda kulala. Na hayuko peke yake. Tamasha la watu hao hao, lililoanza Jinja 2015, liliwahi kuwekewa ngumu 2018 na waziri wa maadili wa Uganda, na bado likafanyika.

Lebo yenyewe ilianza 2016. Waanzilishi ni Arlen Dilsizian na Derek Debru, wageni kutoka Ulaya waliohamia Kampala. Mwaka 2017 wakatoa mkusanyiko unaoitwa Sounds of Sisso, singeli tupu kutoka studio moja ya Mburahati, Sisso Studios. Kabla ya hapo, hizo biti zilikuwa zinazunguka kama miksi za DJ zinavyozunguka: vigodoro, memori kadi, simu kwa simu. Baada ya mkusanyiko, mlango ukafunguka. Bamba Pana akatoa albamu yake Poaa 2018. Mwaka 2019 zikafuata Tatizo Pesa ya Jay Mitta, Mateso ya Sisso mwenyewe, na Uingizaji Hewa ya Duke. Mwaka 2022 akaja DJ Travella, kijana mdogo kabisa, na Mr Mixondo. Watoto wa uswahilini wakawa wanakata tiketi kwenda kupiga muziki Ulaya.

Lakini kilichomkamata DJ usiku ule hakikuwa ndege. Ilikuwa orodha.

Mkusanyiko una nyimbo nyingi za watu tofauti, na kila wimbo una jina la mtu pembeni. Jina la mkusanyiko juu, majina ya wenye kazi chini, mmoja mmoja. DJ akashusha kidole taratibu akiyasoma. Halafu, bila kujua kwa nini, akafungua faili la miksi yake ya nne. Jina moja tu. Lake.

Akajitetea kichwani: ule ni mkusanyiko, nyimbo zimepangwa moja moja, yangu ni miksi, zimeunganishwa. Akatafuta miksi za wakubwa. Akakuta DJ-Kicks ya Studio !K7 ya Berlin, iliyoanza 1995. Akakuta za klabu ya Fabric ya London, zilizoanza 2001. Hizo ni miksi kama zake, DJ mmoja anaunganisha nyimbo za watu mwanzo mpaka mwisho, na jina lake ndilo kubwa kwenye kava. Lakini ndani kuna orodha: wimbo wa ngapi, wa nani. Na kabla ya kutoka, lebo huomba kibali cha kila wimbo, ukinyimwa unautoa. DJ anabaki na ufalme wake, na bado kila mwenye biti anaonekana.

Utetezi ukaisha hapo.

Ukweli ni kwamba mambo haya si mepesi. Sheria ya hakimiliki inayotumika Tanzania ni ya 1999, na COSOTA ipo, lakini kibanda cha mabati cha kuingiza nyimbo hakijawahi kuishi kwa vibali. Kingeishi kwa vibali kingefungwa kesho, na vijana wengi wasingesikia muziki wowote. Singeli yenyewe ilikua kwa kuchukua vipande vya taarabu na kuviharakisha mpaka mwenyewe hamtambui mtoto wake. Bila kuchukuliana, hakuna singeli. Na kuandikwa jina si kulipwa. Nani anapata kiasi gani ni swali linaloulizwa kwenye kila lebo duniani, kubwa na ndogo.

Ila dogo hakuuliza hela. Ujumbe wake ulikuwa na maneno manne, "Kaka, hata jina tu?" Kuchukuliwa biti kusingemuumiza, kwanza aliitengenezea kwenye laptop ya kaka yake. Kilichomchoma ni kukaa ndani ya basi, kazi yake inachezwa, na yeye kuonekana muongo.

Asubuhi DJ akachukua daftari la mahesabu, akaanza kusikiliza miksi ya nne na kuandika wenye nyimbo. Nyimbo 31. Alizijua za watu 12. Zilizobaki alikuwa amezipata kwa flashi za watu, zimeandikwa "Track 6" au "kali hii". Wiki nzima akawa anapiga simu Bukoba, Geita, Mwanza: "Eti hii ngoma ya nani?" Akapata tisa zaidi. Zingine mpaka leo hazina mwenyewe.

Mama akamkuta amekunja uso juu ya daftari, akauliza kuna nini. Akamweleza. Mama akashangaa kidogo tu. Akasema yeye amezeeka na Radio Kwizera ya Ngara, ile iliyoanza 1995 wakati wa wakimbizi, na mtangazaji akicheza wimbo anasema ni wa nani. "Wewe kwenye yako unajitaja wewe tu kila saa. Nilidhani ndiyo fasheni."

Hiyo iliingia kuliko orodha ya Berlin.

Miksi ya tano ikaanza kupikwa upya. Safari hii sauti yenye mwangwi inasema jina la DJ mwanzoni na mwishoni, katikati inataja wenye ngoma. Wateja wa kwanza kuonjeshwa hawakufurahi. Mtu wa boda mmoja akasema wazi, "Sasa mbona unatangaza watu wengine? Sisi tunataka miksi yako." DJ akamrudishia mia tano yake. Jioni yule yule akarudi kuichukua.

Lakini dakika ya 17 aliiacha wazi. Akamtumia dogo ujumbe wa sauti. Aliurekodi mara tano, akafuta minne. "Mdogo wangu. Ile ya kinu nimeitoa. Ukiniruhusu naiweka na jina lako. Usiporuhusu inabaki nje. Na lile neno la utoto, nisamehe."

Tiki za bluu. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Siku ya nne, saa tano usiku, simu ikatetemeka. Sauti ya dogo, na nyuma yake kelele za geto la watu wengi.

"Kaka, shikamoo. Iweke. Ila jina langu la kazi usilitamke kama unavyolitamka nyumbani, litamke hivi." Akalitamka. "Halafu mtaje na mama mkubwa. Kinu ni chake, mchi ni wake, na mimi nilimrekodi sikumuomba. Hela tutaongea nikija."

DJ akairudia ile sauti mara tatu. Hakuwa amefikiria. Alikuwa amejiona mkosaji peke yake, kumbe na dogo naye alikuwa na deni lake, na amelikumbuka mwenyewe akiwa amelala chini Kahama.

Asubuhi akaenda uani. Mama alikuwa anachambua maharage. DJ akachuchumaa, akamwekea ile biti kwenye simu, akamwambia kila kitu: kinu, basi, konda, miezi ya kimya. Mama akasikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni.

"Huyo anayeguna ni mimi?"

"Ni wewe mama."

"Na watu wanacheza?"

"Wanacheza mpaka Rusumo."

Mama akacheka, akafuta macho kwa ncha ya kanga. Akasema wao walisumbuana bure miezi yote hiyo, yeye alikuwa anatwanga kisamvu tu. Kisha akageukia maharage yake, na bila kuinua kichwa akauliza, "Na mimi hela tunaongea lini?"

Miksi ya tano iko njiani sasa, ya mia tano ile ile. Dakika ya 17 kuna majina mawili kabla kinu hakijaanza, na wanaoijua wanasema mwangwi ule umewatendea haki wote wawili. Dogo bado yuko Kahama. Ila mama akipiga na kusema "ngoja nimpe kaka yako," mtandao hausumbui.

Na wewe unayesoma, miksi iliyo kwenye simu yako muda huu: ukitoa jina la DJ, unajua majina mangapi mengine humo ndani?