Sinema ya Kunong'onezwa

Mpishi wa bweni letu alikuwa na kawaida ya kunifinya mkono kabla ya kunitafsiria. Akinifinya mara moja, maana yake tega sikio. Akinifinya mara mbili, maana yake subiri kwanza, hapa hata mimi nataka kusikia. Kwa mtindo huo wa kufinywa na kunong'onezwa, baina ya Julai 1993 na katikati ya 1997, niliona karibu kila picha kubwa ya Kitamili iliyotoka Madras, mji ambao tangu 1996 unaitwa Chennai, ingawa ulimi wangu hadi leo unagoma kuuita hivyo.

Nilikwenda kusoma uhandisi. Yeye alikuwa mtu wa makamo, mwenye kovu la mafuta ya moto mkononi, na bwenini wote walimwita Anna, yaani kaka. Nami nikafuata. Yeye akaniita thambi, mdogo wangu. Neno hilo hutamkwa kama tambi zetu za kukaanga, na nilipomwandikia mama kwamba huku Bara Hindi wameniita Tambi, barua yake iliyofuata iliuliza kama chakula kinanitosha.

Kiingereza cha Anna kilikuwa cha maneno kama arobaini. Kitamili changu kilikuwa cha manne. Basi stelingi akisimama kwenye ngazi za hekalu akahutubia dakika mbili nzima, muziki umepamba moto, ukumbi mzima unapiga miluzi, Anna alinikaribia sikio akasema, "Anasema mama ni mama." Kwisha. Mara nyingine msichana alitamka neno moja tu dirishani, na Anna akanong'ona weee, mpaka onyesho lile likapita na lingine likaanza, akawa angali ananieleza baba wa yule msichana aliwahi kumfanyia nini baba wa mvulana.

Sikuwa mgeni wa picha za Kihindi. Nimekulia Tanga, na utotoni tuliingia ukumbi wa Majestic kama wengine walivyoingia chuoni. Lakini zile zilikuwa za Bombay, na stelingi wa Bombay alikuwa mweupe, nywele laini, kama mtu asiyepigwa na jua letu. Mara ya kwanza kumwona Rajinikanth ilikuwa kwenye bango la Mount Road, amechorwa kwa mkono, mrefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu, mweusi kama mjomba wangu. Nilidhani ndiye adui wa picha. Anna alicheka hadi akakaa chini. Akanieleza, kwa maneno yake arobaini, kwamba mtu huyo alikuwa kondakta wa basi kule Bangalore, na kwamba hata Mtamili wa kuzaliwa si, na kwamba hayo yote hayana maana.

Mji ule uliishi na sinema kama sisi tunavyoishi na bahari. Studio zilikuwa Kodambakkam na Vadapalani, na mabasi yaliyopita huko yalijaa vijana waliotoroka vijijini kuja kutafuta nafasi mbele ya kamera. Siasa yenyewe ilitokea huko. M. G. Ramachandran alitoka kwenye uigizaji akawa waziri mkuu wa jimbo mwaka 1977, na alikuwa bado madarakani alipokufa 1987. Jayalalithaa, aliyetawala nilipofika, alikuwa mwigizaji aliyecheza naye picha nyingi. Karunanidhi, aliyemwondoa mwaka 1996, alikuwa mwandishi wa filamu. Jikoni kwa Anna, juu ya gunia la mchele, palikuwa na picha ya MGR na miwani yake myeusi, na kila asubuhi alibandikwa ua jipya.

Januari 1995, wakati wa sikukuu ya Pongal, ilitoka Baasha. Rajinikanth ni dereva wa bajaji. Siku hizo Tanga hatukuwa na bajaji, kwa hiyo kile chombo chenyewe kilikuwa bado kichekesho kwangu, na sasa nikimwona mdogo wangu anavyohesabu noti zake jioni baada ya kuegesha ya kwake, namkumbuka Manikkam wa Baasha. Ana mama, ana wadogo wa kuwasomesha. Dada yake amepata nafasi ya udaktari lakini mwenye chuo anataka kingine. Manikkam anaingia ofisini, anamwomba dada atoke nje kidogo. Kamera inatoka naye. Kupitia kioo tunaona kaka mtu anaongea, hatusikii hata neno moja, na yule bwana mkubwa aliyekuwa amejikunja kitini anaanza kusimama polepole, uso umebadilika. Nafasi inapatikana bila senti. Dada anauliza ulimwambia nini, naye anajibu kwamba alisema ukweli tu.

Nilimgeukia Anna. Kafanya nini? Kasema nini? Alinifinya mara mbili. Kumbe hata yeye hakujua, ukumbi mzima haukujua, watu elfu moja tuliokuwa mle ndani tulikuwa wageni sawasawa. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile sikuwa nyuma ya mtu.

Ilikuwa picha ya ngumi, tena ya kibiashara hasa, wala simpambi mtu. Lakini anayeitengeneza alijua thamani ya kumnyima mtazamaji kitu.

Mwaka uliofuata, Mei 1996, serikali ikiwa imeanguka kwa tuhuma za ufisadi, ilitoka Indian ya Shankar. Kamal Haasan alicheza mzee mpigania uhuru anayewaua wala rushwa, na pia akacheza mwanawe. Wakati huo Kitamili changu kilikuwa kimeshafika maneno ya kutosha kugombana na kondakta, lakini bado nilihitaji Anna kwa mambo ya ofisini. Binti wa mzee huyo anaungua, na baba mtu anazungushwa kutoka meza hadi meza kwa sababu hataki kutoa chochote. Hakuna adui mwenye jumba. Adui ni karani anayesonga kiti nyuma, ni kalamu inayogota mezani ikisubiri. Halafu mwana anaingia kazi ya kukagua magari, anapokea fedha, anapitisha basi bovu la watoto wa shule. Mzee anamwua na yeye. Anna, ambaye nusu saa nzima alikuwa hajaninong'oneza kitu, alisema, "Huyo karani namjua." Hakumaanisha mwigizaji.

Na Kadhal Kottai, mwaka huohuo. Msichana anapoteza vyeti vyake kwenye treni, mvulana anaviokota, anavirudisha kwa posta, wanaanza kuandikiana. Wanapendana bila kuonana. Wanapishana kituoni, wanapishana barabarani, mpaka unataka kupiga kelele. Kwa mtu ambaye mapenzi yake yote wakati ule yalikuwa ndani ya aerogramu za buluu, na simu ya kwenda Tanga ilimaliza fedha ya juma zima kwenye kibanda chenye maandishi ya njano, picha ile haikuwa burudani. Niliirudia mara nne. Haikuwa na mlipuko hata mmoja.

Sasa nikisema kwamba sinema ya kusini mwa India imeshuka, vijana nyumbani wananiambia ni uzee. Huenda. Nisije nikajidanganya kwamba tulikuwa tunakula asali tupu. Vichekesho vya siku zile viliishi kwa kumtukana mtu mweusi na mnene, na nilikaa kwenye viti hivyo nikiwa mweusi kuliko wote ukumbini, nikisubiri kicheko kiishe. Wasichana waliletwa kutoka Bombay kwa sababu ya weupe wao, wengine wakaazimwa hata sauti. Mwanamke mwenye cheo aliwekwa kwenye picha ili stelingi amtie adabu kabla ya mwisho. Upuuzi ule haukuanza leo.

Lakini Julai 2024 niliingia ukumbi mmoja wa Dar es Salaam kutazama Indian 2. Mwongozaji yuleyule, mwigizaji yuleyule, miaka 28 imepita. Tulikuwa watu wachache, tumetawanyika kama waliochelewa basi. Maandishi ya Kiingereza yalipita chini ya picha, safi, sahihi, bila kuruka neno, na baada ya saa moja nikagundua kwamba sikuwa na haja nayo. Kila mtu alikuwa anasema kile kile nilichokuwa nakiona. Mwovu ni mwovu tangu anapotokea, ana fedha za kijinga, na mzee anakuja kumwua kwa sababu vijana wamemwita mtandaoni. Karani yuko wapi? Meza iko wapi? Saa tatu nzima hakuna mtu hata mmoja niliyeweza kusema huyo namjua. Nilijikuta nimeweka mkono juu ya kiti cha jirani, kiti kitupu, kama anayengoja kufinywa.

Sababu ninazozijua si za siri. Zamani mikanda ya filamu iligharimu fedha, kwa hivyo picha ilifunguliwa kumbi chache, ikaachwa ijitafutie. Ikipendwa ilikaa siku mia, na waliofika wiki 25 walifanya sherehe. Picha ya barua kama Kadhal Kottai ilikuwa na muda wa watu kuambizana sokoni. Siku hizi nakala haina uzito, filamu inafunguliwa maelfu ya kumbi siku moja, na ikifika Jumatatu hesabu yake imeshafungwa. Mtu hawezi kuweka fedha nyingi hivyo, ambazo sehemu kubwa imeshakwenda kwa stelingi, halafu akategemea kalamu inayogota mezani.

Kisha ikaja Baahubali ya S. S. Rajamouli, kwa Kitelugu, 2015 na 2017, ikatikisa India nzima kwa lugha kadhaa. Baahubali yenyewe sina ugomvi nayo, ni hekaya iliyosimuliwa na mtu anayejua hekaya. Waliofuata ndio walionielemea. Kila mmoja alitaka picha ya nchi nzima. Stelingi lazima aeleweke Punjab sawasawa na Madurai, na cha kwanza kutupwa nje kilikuwa Madurai: matani yake, lahaja yake, ugomvi wa kisima, jina la basi. Kilichobaki ni mtu mwenye ndevu anayetembea polepole huku vitu vinalipuka nyuma yake, na muziki unatuambia kwamba huyo ni mkubwa.

Nilimwona mtu huyo Tanga, kwenye kibanda umiza, mpwa wangu alikonipeleka. Picha ilikuwa imetoka lugha yake, ikatiwa Kihindi, kisha mtafsiri wetu akaipanda juu kwa Kiswahili, kama walivyofanya watangulizi wake tangu enzi za Lufufu. Nilikaa kumsikiliza mtafsiri badala ya kutazama. Maskini, hakuwa na cha kutafsiri! Stelingi alikuwa ananyamaza dakika nzima akiwasha sigara. Kwa hiyo mtafsiri akampa bibi mgonjwa, akampa deni la pango, akampa shemeji mchawi wa huko Handeni, na kibanda kikavunjika mbavu. Shoka lake lilipoanza kazi, tulikuwa tunajua kwa nini anakata watu. Mwenye picha hakutuambia, mtafsiri ndiye aliyetuambia.

Si kwamba yote yamekauka. Wamalayali wa Kerala wangali wanatengeneza picha za watu unaoweza kuwasalimu. Mwaka huohuo wa 2024 Manjummel Boys yao, ya vijana wa mtaani ambao mwenzao anatumbukia shimoni kwenye mapango ya Kodaikanal, ilijaza kumbi za Watamili bila kubadilishwa lugha. Ndani yake umo wimbo wa Ilaiyaraaja kutoka Guna, picha ya Kamal Haasan ya 1991 iliyopigwa humohumo mapangoni. Ulipoanza, nilisimamisha kompyuta nikatoka nje kidogo.

Guna yenyewe, ilipotoka, ilizimwa na picha ya Rajinikanth iliyofunguliwa siku ileile. Hilo huwa nalisahau ninapolaumu.

Na kuna usiku mmoja wa Januari 1997 ambao sijawahi kuwasimulia hao vijana wa nyumbani. Mani Ratnam alikuwa ametoa Iruvar, habari za marafiki wawili, mwigizaji na mwandishi, wanaopanda pamoja hadi siasa ikawatenganisha. Kila mtu Madras alijua ni MGR na Karunanidhi, ingawa majina yalibadilishwa. Nilimlipia Anna tiketi ya juu, ya balkoni, kwa sababu nilikuwa nimebakiza miezi michache. Leo nikiulizwa picha bora niliyoiona katika lugha yoyote, nataja hiyo. Ukumbi ulikuwa nusu tupu. Watu walianza kutoka kabla ya intavali, mmoja akitukana kwa sauti. Nilikuwa naelewa Kitamili chote, kile kizito chenye mashairi pia, na nilitaka kumwuliza Anna kama na yeye anasikia utamu huo. Nilimfinya mkono. Alikuwa amelala, kichwa nyuma, mdomo wazi.

Nilimwamsha taa zilipowaka. Akajifuta uso kwa shuka ya begani, akauliza nani kashinda.

Tulikosa basi la mwisho, tukatembea. Njia nzima nikamsimulia picha, mimi kwa Kitamili changu cha bwenini, kuanzia yule mwigizaji alipokuwa hana hata nauli. Anna alisikiliza, akiguna. Karibu na daraja nikaona hatua zake zinalegea, hamu inamtoka, nikaingiza ugomvi sokoni, watu kumi kwa mmoja, tena kwa fimbo, jambo ambalo Mani Ratnam hakulifikiria kamwe. Anna akasimama katikati ya barabara.

"Hapo nililala?" akauliza. "Thambi, kwa nini hukuniamsha?"