Eburru: Mlima ambako watu huteka mvuke

WASAFIRI wengi waendao Nairobi kutoka Nakuru hutupa macho upande wa kulia wanapofika Elmenteita. Hulitazama ziwa, huwatazama heroe waliojipanga kando ya maji, kisha husinzia hadi Naivasha. Ni wachache wanaouangalia ule mlima mpana ulio ng'ambo ya ziwa, wenye mgongo mweusi wa msitu.

Huo ndio Eburru. Nami, msomaji, nimekuwa mmoja wa hao wasinziao kwa miaka mingi. Nilizinduka Januari moja, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, familia tatu tulipoamua kupanda kwa magari hadi kituo cha misitu kilichoko huko juu.

Tulikuwa watu wazima sita, watoto saba na magari matatu yenye uwezo wa kuzungusha magurudumu yote manne. Tulibeba kamba, makoleo, mkaa wa kuchomea nyama na chakula cha kutosha kulisha kijiji. Mwenzetu mmoja, mwalimu aliyewahi kufundisha pande hizo, alisisitiza kila gari libebe mitungi miwili ya maji ya lita 20.

"Huko juu msitegemee kuomba maji," alisema.

Tulimcheka. Mlima wenye msitu mkubwa namna hiyo utakosaje maji?

Tuliondoka Nakuru saa kumi na mbili asubuhi, tukapita Mbaruk na Kariandusi kukiwa na baridi ya kutetemesha meno. Baada ya Gilgil tuliiacha lami, tukashika njia ya kulia kuelekea mlimani. Hapo safari yenyewe ilianza.

Vumbi

Udongo wa Eburru ni majivu ya volkano ya zamani. Wakati wa kiangazi hugeuka vumbi laini kama unga wa ngano, na mahali pengine huficha gurudumu hadi nusu. Gari la mbele lilipita likiacha wingu jeupe nyuma yake. La pili, ambalo dereva wake nilikuwa mimi, lilifika katikati ya mwinuko mmoja likaanza kunguruma pasipo kusonga. Kila nilipokanyaga mafuta, ndivyo magurudumu yalivyozidi kuchimba.

Tulikuwa tumeyavulia maji nguo, hatukuwa na budi kuyaoga. Wanaume walishika makoleo, akina mama na watoto wakakusanya mawe na matawi makavu ya leleshwa ya kuweka chini ya magurudumu. Vijana wawili waliopita na punda waliobeba mitungi walisimama, wakacheka kidogo, kisha wakatufundisha. Walituambia tupunguze upepo wa magurudumu, turudi nyuma pole pole kwa njia ile ile, halafu tupande kwa gia nzito bila pupa. Dakika kumi baadaye tulikuwa juu, weupe kutoka utosini hadi kwenye viatu kama watu waliotoka kinuni.

Sikujiuliza punda wale walikuwa wamebeba nini wala wakitoka wapi.

Mwanamke mmoja mzee alitukubalia tuegeshe magari katika boma lake, chini kidogo ya kituo. Kutoka hapo tulipanda kwa miguu.

Msituni

Kituo cha misitu si mahali pa fahari. Utaona nyumba chache, kitalu cha miche na askari wa misitu wasiopenda maneno mengi. Askari aliyetupokea alipoona mfuko wetu wa mkaa, alitikisa kichwa. Wakati wa kiangazi hakuna kuwasha moto, alisema, na sigara zibaki garini. Basi nyama yetu ilirudi kwenye ndoo na tukala chapati baridi. Watoto walinuna kwa muda, lakini walisahau pindi tulipoingia chini ya miti.

Msitu wa Eburru una ukubwa wa karibu hekta 8,700 na ni mmoja wa misitu 22 inayounda msitu mkubwa wa Mau. Kilele cha mlima kimepita mita 2,800 juu ya bahari. Tulitembea kati ya mierezi na mizeituni mwitu, tukasikia mbega wakikoroma juu ya matawi. Askari alitangulia na bunduki kwa sababu ya nyati.

Alitueleza pia juu ya bongo, yule swara mkubwa mwekundu mwenye mistari myeupe. Bongo wa milimani wanaoishi porini hawapatikani kwingine duniani ila Kenya, katika misitu ya Mlima Kenya, Aberdare, Mau na huu wa Eburru, na inakadiriwa hawafiki 100. Hatukumwona hata mmoja. Ili kuulinda msitu dhidi ya wawindaji na wakata miti, na mashamba dhidi ya nyati, ua wa umeme wenye urefu wa karibu kilomita 43 ulijengwa kuuzunguka. Ulikamilika mwaka 2014 kwa ushirikiano wa shirika la Rhino Ark, idara za misitu na wanyamapori, na wakazi.

Palipokuwa wazi tuliona Ziwa Naivasha upande mmoja na Elmenteita upande wa pili, Mlima Longonot ukiwa umesimama peke yake, na Aberdare kwa mbali kama ukuta wa buluu. Hata mtoto mdogo kuliko wote alinyamaza.

Tangi la nyanya

Tuliporudi bomani jua lilikuwa limeanza kushuka. Tukiwa tunapanga mizigo, nilisikia maji yakichuruzika. Mwanangu wa miaka 11 alikuwa ameona tangi dogo lenye bomba, akafungua na kuanza kulioshea gari langu vumbi. Alidhani ananifurahisha.

Yule mwanamke mzee alitoka jikoni. Hakupiga kelele. Alifunga bomba kwa mkono wake, akatazama yale matope madogo chini ya gurudumu.

"Nyanya, tusamehe, mtoto hakujua," nilisema.

"Hakujua, mwanangu. Basi na aje ajue," alijibu, akamshika mkono.

Alituongoza nyuma ya nyumba, mahali ambapo ardhi ilikuwa ikitoa mvuke mweupe kama sufuria iliyofunuliwa. Kutoka kwenye ufa ule lilitoka bomba refu la chuma lililolala kwa mteremko hadi kwenye tangi. Mvuke huingia bombani, hupoa ukiwa njiani, kisha hugeuka maji na kudondoka tone, tone, tone. Usiku huwa bora kwa sababu ya baridi. Ndoo ile aliyomwaga mwanangu ilikuwa ya tangu jana jioni.

Hiyo ndiyo siri ya Eburru. Upande ule hakuna mto wa kutegemewa. Mvua huzama katika majivu, hukutana na mawe yenye moto huko chini, na hurudi juu kupitia nyufa ikiwa mvuke. Jina lenyewe la Kimaasai huelezwa kuwa na maana ya mlima utoao moshi. Tangu enzi za walowezi mvuke huo umetumika kukaushia pareto, na tangu mwaka 2012 kampuni ya KenGen imekuwa na mtambo mdogo hapo wa megawati 2.5. Lakini kwa nyanya yule, mvuke ni chai ya asubuhi.

"Na msitu ukiisha?" mwanangu aliuliza.

"Mvua ikipata miti huingia ardhini taratibu. Isipoipata hukimbia na udongo," alisema nyanya. "Kwa hivyo sisi hupanda."

Tulimwachia mitungi yetu minne iliyokuwa bado imejaa. Mwalimu hakusema neno, alinitazama tu.

Ukitaka kwenda

Nenda kiangazi, maana mvua hugeuza majivu yale kuwa utelezi mbaya zaidi ya vumbi. Msiende na gari moja. Beba sweta, viatu imara, na maji mengi kuliko unayodhani utahitaji. Wasiliana na kituo mapema kuhusu ada na askari wa kukuongoza, na usitoke kwenye njia iliyopo, kwa sababu gurudumu likishachimba udongo ule mvua humalizia kazi.

Tulifika Nakuru saa tatu usiku. Asubuhi nilitoka na ndoo kuliosha gari, nikamkuta mwanangu ameshanitangulia. Alikuwa akilipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu.