Kitabu cha Panya

Mpenzi msomaji, ikiwa umepata kunyang'anywa kitabu na mwalimu wako darasani, bila shaka umejiuliza mwalimu yule alikifanyia nini kitabu chako baada ya kuondoka nacho. Nitakueleza jambo lililonipata mimi mwenyewe, wala humo hutaona pa kunisifu.

Ulikuwa mwaka wangu wa tatu tangu kutoka chuo cha ualimu. Chuoni tulifunzwa mambo mengi mema: namna ya kuandaa somo, namna ya kuandika ubaoni pasipo kuwapa wanafunzi kisogo kwa muda mrefu, na namna ya kumtambua mwanafunzi ambaye macho yake yapo darasani lakini akili yake imekwenda malishoni. Alasiri moja, katika kidato cha pili, nilimtambua mmoja wa namna hiyo. Alikuwa amefungua kitabu cha picha chini ya dawati. Nikakitwaa, nikakiinua juu ili darasa zima likione: panya waliovaa makoti na kofia, wamesimama kwa miguu miwili kama watu. Nikasema kwamba nilidhani nafundisha shule ya sekondari, kumbe nimepotea njia nikaingia chekechea. Darasa likaangua kicheko. Yule kijana hakucheka wala hakuomba radhi. Alisema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, hicho si kitabu cha watoto." Nikamwamuru akae kitako.

Usiku, nilipokwisha kusahihisha madaftari, nilikifungua kile kitabu nipate kucheka tena. Jogoo wa kwanza aliwika kabla sijakifunga.

Kitabu chenyewe chaitwa Maus, neno la Kijerumani lenye maana ya panya. Aliyekitunga na kukichora ni Art Spiegelman, Mmarekani aliyezaliwa Stockholm mwaka 1948, mtoto wa Wayahudi wa Poland. Baba yake, Vladek, na mama yake, Anja, walipelekwa na Wajerumani katika kambi za Auschwitz wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakatoka hai. Mtoto wao wa kwanza, Richieu, hakuokoka. Spiegelman alianza kuitoa hadithi yao kidogo kidogo mwaka 1980 katika gazeti la michoro lililoitwa Raw, alilolihariri pamoja na mkewe, Françoise Mouly. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1986, ya pili mwaka 1991, na mwaka uliofuata akapewa tuzo maalumu ya Pulitzer, heshima ambayo hadithi ya katuni haikuwa imepata kupewa.

Katika michoro hiyo Wayahudi ni panya na Wajerumani ni paka. Wapolandi ni nguruwe, na Wamarekani ni mbwa. Nawe waweza kuniuliza: je, si dhihaka kuwachora watu waliouawa kwa mamilioni katika sura ya panya? Swali hilo nami nilijiuliza, mpaka nikakumbuka dhihaka hiyo ilianza wapi. Wanazi ndio waliowaita Wayahudi wadudu na panya. Mwaka 1940 walitoa filamu iliyowaonyesha panya wakikimbia, kisha Wayahudi, ili mtazamaji asione tofauti. Hata ile sumu waliyoitumia katika vyumba vya kuulia watu, Zyklon B, ilikuwa imetengenezwa kwa kuulia wadudu waharibifu. Spiegelman aliliokota tusi lile lile, akawavika wazazi wake kama vazi, halafu akawaacha waseme. Baada ya kurasa ishirini hivi huwaoni panya tena. Wamwona mtu anayeuza soksi, anayeposa, anayeficha mkate.

Jambo moja la uchoraji wake limenikaa moyoni. Myahudi anapotaka kupita barabarani kama Mpolandi, panya huyo huchorwa amevaa kinyago cha nguruwe kilichofungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Vladek alikivaa vizuri. Anja naye alipokivaa, mkia wake mrefu ulionekana nyuma ya koti, maana sura yake ilimsaliti. Mwandishi angehitaji ukurasa mzima wa maneno kueleza hofu ya mke huyo njiani; mchoraji alihitaji mkia tu.

Wala usidhani kwamba Vladek amechorwa kama mtakatifu. Yule mzee tunayemwona New York, akimsimulia mwanawe mambo ya kale, huhesabu vidonge vyake, huokota vipande vya waya barabarani, na hurudisha dukani vyakula vilivyokwisha kufunguliwa. Siku moja mkwewe Françoise anasimamisha gari ili kumpa mtu mweusi lifti, na Vladek anakasirika safari nzima kwa kuwa, kwa fikira zake, watu weusi ni wezi. Françoise anamwambia kwamba anasema juu ya weusi kama Wanazi walivyosema juu ya Wayahudi. Mzee haelewi kabisa. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu mezani nikatoka nje, nikasimama kizani kitambo. Nilikuwa nimemlilia mtu huyo kurasa mia mbili, na sasa nikamkuta akiniogopa mimi. Nilirudi ndani nikaendelea kumsoma. Lakini sikumlilia kwa namna ile ile.

Kuna hadithi nyingine za wanyama zilizochorwa kwa ajili ya watu wazima. Wahispania wawili, Juan Díaz Canales na Juanjo Guarnido, walianza kutoa huko Ufaransa mwaka 2000 hadithi za Blacksad, paka mweusi mpelelezi katika Marekani ya miaka ya 1950, na moja ya hizo yahusu chuki ya rangi. Nanyi mwaijua Shamba la Wanyama, ambayo Fortunatus Kawegere aliifasiri kwa Kiswahili mwaka 1967. Nzuri zote, lakini Spiegelman hakubuni. Hata orodha ya vitabu ya gazeti moja kuu la New York ilipokiweka kitabu chake pamoja na hadithi za kubuni, aliandika barua kupinga, nacho kikahamishwa.

Mwishoni mwa juzuu ya kwanza mwana anataka kusoma shajara ambazo mama yake aliziandika baada ya vita. Anja alijitoa uhai mwaka 1968, naye Art alitaraji kumsikia mamaye humo. Vladek anakiri kwamba alizichoma moto. Mwana anamwita baba yake muuaji.

Na hapa, msomaji, lazima nikutoe New York nikulete kwetu, katika mteremko wa Mlima Kenya, kwenye jiko la bibi yangu. Babu yangu alikuwa mtu wa maneno machache mchana, na wa hadithi jioni. Hadithi yake niliyoipenda mno ilikuwa ya fisi waliojenga boma la seng'enge wakawatia sungura ndani. Kila asubuhi fisi waliwachuchumaza sungura watano watano, mikono juu ya kichwa, wapate kuhesabiwa. Lakini fisi hawakujua kuhesabu vema, kwa hiyo walikosea, wakaanza tena, wakakosea tena, mpaka jua likawa utosini, na sungura bado wamechuchumaa. Babu alihesabu kwa sauti ya fisi, nasi wajukuu tulicheka mpaka machozi yakatutoka.

Alifariki nilipokuwa kidato cha tatu. Katika maziko yake ndipo niliposikia msemaji mmoja akitaja, kama mtu atajaye mvua ya mwaka fulani, kwamba wakati wa Hali ya Hatari marehemu aliwekwa kizuizini Manyani. Nilijua Hali ya Hatari kuwa ni tarehe: ilitangazwa Oktoba 1952, ikaondolewa Januari 1960. Nilizijibu tarehe hizo katika mtihani nikapata alama zote. Sikuziunganisha na fisi. Ilinipasa kuwaona panya wa Poland wamepangwa safu kwenye baridi, wakihesabiwa, ndipo nilipotambua mahali sungura wa babu walipojifunza kuchuchumaa.

Asubuhi ile nilimrudishia kijana kitabu chake mbele ya darasa, kwa kuwa ni mbele ya darasa nilipomfedhehesha. Nikasema nilikosea. Darasa lilinyamaza, maana halikuzoea. Yeye aliniuliza jambo moja tu: "Ulifika mwisho, mwalimu?" Nikamwambia ndiyo. Akauliza kama niliona jina ambalo mzee anamwitia mwanawe katika picha za mwisho. Nililiona. Vladek amechoka, anageuka kitandani, na anamwita Art kwa jina la Richieu.

Miaka michache baadaye, Januari 2022, bodi ya shule ya McMinn, katika jimbo la Tennessee, iliamua kukiondoa kitabu hicho katika masomo ya darasa la nane kwa sababu ya maneno machache makali na picha ya utupu. Wengi waliwacheka. Mimi sikuona nina haki ya kucheka. Sababu yangu ilikuwa ndogo kuliko yao.

Likizo iliyofuata nilikwenda nyumbani na daftari jipya. Nikamkuta baba akichuma majani ya chai, nikamsaidia mpaka kikapu kikajaa, kisha nikamuuliza babu alimwambia nini juu ya Manyani. Baba alifikiri. Akasema, "Sisi watoto wake hakutuambia kitu. Tulipouliza alitoka nje." Nikamweleza juu ya fisi na boma. Hakuwa ameisikia hadithi hiyo hata mara moja. Aliweka kikapu chini, akaketi juu ya jiwe, akaniomba nimsimulie yote.

Nikaanza. Nilihesabu kwa sauti ya fisi, kama babu, watano, na watano, na watano, mpaka jua likawa utosini. Hapo nikakwama. Sisi wajukuu tulikuwa tukicheka mno mahali pale, na sikuweza kukumbuka kama sungura walitoka bomani, wala kwa njia gani. Baba alingoja. Nilifungua daftari, nikaandika mpaka pale nilipokumbuka.