Lenzi Gani Yafaa Safarini?

Mtu akitaka kununua kamera ya safari, kwanza huulizwa ana fedha kiasi gani. Mimi naona yafaa aulizwe kwanza: unakwenda kumpiga picha nani, nawe utasimama mbali naye kiasi gani? Habari za fedha zaja baadaye. Nasema hivi kwa kuwa miaka mingi nimezunguka na kamera baina ya Masasi na Newala, nami nimewaona watu wenye vyombo vya thamani kubwa wakirudi na picha za migongo ya watu tu.

Msimu uliopita, baada ya mnada wa korosho, mpwa wangu alinijia na karatasi mkononi. Kwetu Wamakonde mjomba ndiye wa kuendewa kwa mambo kama haya.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Karatasi ya nini hiyo?"

Alikuwa ameandika jina la lenzi ya milimita 70 mpaka 200, ile nene inayopokea mwanga mwingi. Lenzi hiyo peke yake ina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na ikiwa mpya, bei yake yazidi bei ya pikipiki. Kazi aliyoikusudia ilikuwa njema sana: kuwapiga picha wazee wa ukoo wetu katika vijiji vya Newala, hasa mabibi wenye nembo usoni na ndonya mdomoni. Mabibi hao wamebaki wachache mno, na kila mwaka twazika. Kazi hiyo haikuweza kungoja msimu mwingine.

"Kwa lenzi hii, mjomba, naweza kukaa mbali, wasijue kama nawapiga."

Hapo ndipo tulipotofautiana. Lenzi ndefu yawafaa wapiga picha za simba, na za mpira uwanjani. Bibi si simba. Mwenye lenzi ya milimita 35 hana budi kufika mlangoni, kubisha hodi, kuamkia, kuketi mkekani, na kuulizwa yeye ni mtoto wa nani. Kamera itakapotoka mfukoni, bibi atakuwa amekwisha kumjua, na uso wake utakuwa uso wa mtu anayeongea na mjukuu.

Tena iko sababu ya chumba chenyewe. Nyumba za wazee wetu ni ndogo, na madirisha yake ni madogo zaidi. Ukisimama humo na milimita 70, hata ukibanwa na ukuta mgongoni, utapata jicho na nusu ya pua. Na kamera nyingi za bei nafuu zina sensa ndogo, yaani kile kibao cha ndani kinachopokea picha. Humo milimita 50 huonyesha kama 75 katika kamera kubwa. Kwa hiyo nikamwambia: chukua lenzi ile inayouzwa pamoja na kamera, ya milimita 18 mpaka 55, kisha ongeza moja tu, ya 35, yenye tundu la 1.8. Tundu hilo lapokea mwanga karibu mara 10 kuliko tundu la 5.6, ambalo ndilo kubwa kuliko yote lenzi ya kwanza inaloweza kulifungua ukiivuta mpaka mwisho. Ndani ya nyumba ya udongo saa kumi na moja jioni, au ndani ya kanisa la zamani la mawe pale Mtandi, Masasi, tofauti hiyo ndiyo picha yenyewe. Bila hiyo utapata chengachenga, au mkono uliotikisika.

Mwanga wa kwetu nao una hila zake. Mchanga wa uani hung'aa mno. Kamera ikiuona, hupunguza mwanga, na uso mweusi wa bibi hutoka kama kivuli. Mgeuze bibi, au ongeza mwanga hatua moja. Wala usimkalishe chini ya mkorosho mchana ukidhani umempatia kivuli kizuri, maana majani hutia rangi ya kijani mashavuni. Kibaraza ndicho bora.

Mpwa wangu hakunyamaza, nami nampenda kwa hilo. Akauliza, "Na Shimo la Mungu je?" Kweli, pale Newala, ukingoni mwa uwanda, ukiitazama nchi iliyo chini kuelekea Ruvuma na Msumbiji, kila mgeni hutaka lenzi pana. Lakini lenzi pana huifanya milima ya mbali kuwa kama vichuguu. Lenzi ya 100 huisogeza, na vilima vya mawe vya Masasi kadhalika hupendeza kwa lenzi hiyo. Basi hapo nilimkubalia. Ila miezi ya Septemba na Oktoba, mashamba yanapochomwa, lenzi ndefu huuleta moshi karibu pamoja na mlima. Ngoja mvua za kwanza, uende alfajiri.

Juu ya vumbi sitasema mengi. Usibadilishe lenzi katika upepo wa Newala; ingia ndani ya nyumba. Usiifute kwa kanga, maana mchanga ulionasa nyuzini hukwaruza kioo. Pulizia kwanza kwa kipampu cha mpira. Kwenye bodaboda kamera ikae kifuani, isifungwe nyuma, kwa kuwa mtikisiko hulegeza skrubu. Na ukishuka Lindi au Mtwara, usiifungie lenzi muda mrefu ndani ya mkoba wa ngozi: unyevu wa pwani hupandisha ukungu juu ya kioo.

Fungu la fedha nililolishikilia kuliko yote lilikuwa la kuchapisha picha. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala, wapagazi wakimchukulia kamera na mizigo mingine. Picha nyingi aliwapiga watu wa nchi hii, na mwaka 1908 baadhi yake zikatoka katika kitabu chake huko Ujerumani. Katika ukoo wetu sijamkuta mzee aliyepata kuziona. Tulipoanza kazi, bibi mmoja alikataa kabisa. "Wamekuja wengi," alisema, "wote wameahidi kuleta." Mpwa wangu hakubishana naye. Alirudi baada ya majuma matatu na picha za majirani zake, za karatasi, akazigawa mlango kwa mlango. Siku ile bibi yule alituma mtoto atuite.

Tuliwapiga picha wazee 23 kwa lenzi ile ya 35, na kila mmoja picha yake ilipelekwa. Nyumba mbili tulikuta wenyewe wamekwisha kuzikwa, tukawakabidhi binti zao. Mmoja wao alizitazama picha zote, akairudisha ile tuliyoiona nzuri, akaomba ile ambayo mama yake amefumba macho. Alisema ndivyo alivyokuwa akicheka.