Herufi Nzito Haina Sauti: Somo la HTML Kutoka Daraja Mbili

Leo sijawaletea programu mpya. Nimewaletea kosa langu mwenyewe, tena kosa la HTML ya darasa la kwanza, lililomgharimu mjomba wangu shilingi 1,400.

Wengi wenu mnalijua soko la Daraja Mbili hapa mjini Kisii. Wachuuzi wachache wa ndizi, jamaa za mama yangu, waliniomba niwatengenezee ukurasa mdogo wa bei, ili mtu aliye kijijini Nyamira ajue mkungu unauzwaje kabla ya kupakia gari. Nikajiambia hiyo ni kazi ya jioni moja. Mtu ana digrii ya sayansi ya kompyuta, ukurasa wa bei utamshinda?

Nikaupamba. Bei mpya niliiwekea herufi nzito, bei ya zamani nikaipiga mstari katikati, bidhaa iliyokwisha nikaipaka rangi nyekundu. Msimbo wenyewe ulikuwa hivi:

<font size="6">Ndizi</font>

<s>600</s> <b>450</b>


Kwenye skrini ulipendeza kweli. Kila mtu akanisifu, nami nikavimba kichwa.

Sasa, mjomba wangu haoni. Macho yake yaliharibiwa na presha ya macho miaka kadhaa iliyopita, lakini biashara ya ndizi hajaiacha. Simu yake ina TalkBack, ile programu ya Android inayosoma kwa sauti kilicho kwenye skrini. Asubuhi moja alifungua ukurasa wangu, akasikia: "Ndizi, mia sita, mia nne hamsini." Akapiga hesabu zake: mia sita ni mkungu mkubwa, mia nne hamsini ni mdogo. Akampigia simu mama mmoja kijijini, wakapatana mikungu 20 mikubwa kwa shilingi 520 kila mmoja. Kufika sokoni, mkubwa ni 450. Shilingi 70 mara 20, hesabu hiyo fanyeni wenyewe. Nauli ya pikapu sijaiweka.

Mngetarajia amrudie yule mama wapunguziane. Hakufanya hivyo. Alisema neno likishatoka kwenye simu limetoka. Mimi nilipotaka kumlipa alikataa, akaniambia tu: "Kijana wangu, kaa hapa usikie ukurasa wako."

Nikafumba macho, nikasikiliza. Ilikuwa aibu.

Kwanza, mstari wa <s> haukusikika kabisa. Visomaji vingi vya skrini, kwa mipangilio ya kawaida, havitamki kwamba neno limepigwa mstari. Herufi nzito navyo huzipita kimya, na hata <strong>, ambayo maana yake ni "hili ni muhimu", mara nyingi husomwa kama maneno mengine tu. Rangi nyekundu ndiyo kabisa, haina sauti.

Pili, vichwa vyangu havikuwa vichwa. <font> hukuza herufi tu. Mwenye kutumia TalkBack huweza kuruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine, kama wewe unavyopitisha jicho, lakini ni lazima viwe vimeandikwa kwa <h1>, <h2> na kuendelea. Mjomba alilazimika kusikiliza kabichi, vitunguu na parachichi zote ndipo afike kwenye ndizi.

Tatu, nilinakili kiolezo cha zamani chenye <html lang="en">. Hiyo ni kuiambia simu kwamba maneno haya ni Kiingereza. Basi Kiswahili changu kikaanza kutamkwa kizungu, hata "vitunguu" sikulitambua.

Kinachouma ni kwamba dawa ilikuwepo kabla sijazaliwa. Tim Berners-Lee alipoeleza tagi za kwanza za HTML mwaka 1991, vichwa, aya na orodha vilikuwemo tayari. <font> ilikuja baadaye, na HTML 4.0 ya mwaka 1997 ikawashauri watu waiache. Mimi nikaacha ya mwaka 1991 nikaifuata iliyokataliwa.

Nilirekebisha hivi:

<html lang="sw">
<h2>Ndizi</h2>
<p>Bei ya leo: <strong>shilingi 450</strong> kwa mkungu mkubwa.</p>
<p>Bei ya jana: shilingi 600.</p>

Tazameni vizuri. Tagi zimesaidia, ila kilichotibu ugonjwa ni maneno "bei ya leo" na "bei ya jana". Herufi nzito nimeiacha kwa wanaoona. Palipokuwa na rangi nyekundu sasa pameandikwa "imekwisha", na wachuuzi wenye macho mazima ndio walionishukuru zaidi, kwa sababu saa sita mchana, jua likipiga kioo cha simu pale sokoni, nyekundu na nyeusi ni ndugu.

Kuna jambo moja zaidi kwa wanaoandika kwa lugha zetu. Neno la Ekegusii ndani ya sentensi ya Kiswahili lina alama yake pia: <span lang="guz">chinsaga</span>. Simu ikikosa sauti ya lugha hiyo haitalitamka vizuri, lakini angalau umesema ukweli kuhusu neno lenyewe, na siku sauti ikipatikana ukurasa wako utakuwa tayari.

Kwa hiyo, kabla hujapamba ukurasa, jiulize swali moja: nikiondoa rangi zote, ukubwa na unene wa herufi, je, maana inabaki? Ikibaki, pamba upendavyo. Isipobaki, rudi uandike maneno. Kisha washa TalkBack, ipo kwenye simu nyingi za Android, fumba macho, usikilize dakika mbili.

Mjomba bado anautumia ukurasa. Jana nilimpitia sokoni, nikamkuta na simu sikioni, anarukaruka kutoka kichwa hadi kichwa. Alipofika kwenye ndizi akatabasamu, akaniambia bei kabla mimi sijaiona. Ile 1,400 bado hataki kuipokea. Nimeanza kumlipia pikapu kimyakimya.

Haya, tuonane wakati mwingine.