Punguza rangi, kazi iende

Ukiendesha kompyuta iliyo mbali kwa Remote Desktop na kila kitu kinajikokota, kabla hujalaumu mashine, angalia rangi.

Picha ya skrini ni hesabu tu. Skrini ya 1024 kwa 768 ina pikseli 786,432. Kila pikseli ikibeba biti 32, picha nzima ni baiti 3,145,728. Kwa biti 16 inakuwa nusu, kwa biti 8 robo. Kwenye laini ya kilobiti 256 kwa sekunde, hizo ni sekunde 98, 49 au 25 hivi. Kweli, programu hubana data na kutuma sehemu zilizobadilika tu, kwa hiyo hali halisi si mbaya kiasi hicho. Lakini mzigo mdogo husafiri upesi.

Mimi niko Nakuru mjini, na mmoja wa wateja wangu ni chama cha ushirika cha maziwa upande wa Molo. Kompyuta yao ya malipo bado ni Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020, kwa hiyo naifikia kwa VPN tu. Intaneti yao ni modemu ya laini ya simu, na bando wananunua wao.

Mwisho wa mwezi mmoja programu ilikataa kufunga hesabu. Mweka hazina akanipigia: "Kijana, wakulima wamejaa hapa nje. Niwaambie nini?" Hizo ni pesa za karo na za chakula cha ng'ombe. Kupanda matatu kwenda huko na kurudi kungekula nusu ya siku.

Nikaingia. Kila nilipobofya, dirisha lilijichora kipande kwa kipande. Nikakata, nikafungua Show Options. Kwenye Display nikashusha rangi hadi biti 16, yaani rangi 65,536. Kwenye Experience nikaondoa picha ya nyuma na madoido ya madirisha, nikaacha alama ya kuhifadhi picha ili zisitumwe tena na tena. Nikaunganisha upya, na orodha ikawa inafunguka papo hapo. Kwenye faili la kilo za maziwa kulikuwa na herufi O mahali pa sifuri. Malipo yakatoka jioni ile ile. Jedwali la majina na shilingi halihitaji rangi milioni 16.

Sasa, mambo mawili ya kuangalia.

Kwanza, kuanzia Windows 8 na Server 2012, mashine unayoiingia huchora kwa biti 32 hata ukiomba chini. Huko punguza ukubwa wa skrini na madoido.

Pili, rangi hupunguza mzigo, hazifupishi safari. Kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, sehemu kubwa ya intaneti yetu ya nje ilipitia setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu. Kubofya na kupata jibu kulichukua kama nusu sekunde, hata skrini ingekuwa nyeusi na nyeupe.

Kwa hiyo piga ping kabla ya kuunganisha. Ikisoma milisekunde 600, tatizo ni njia, na rangi hazitakusaidia sana. Ikisoma 60 na skrini bado inajikokota, tatizo ni mzigo. Shusha rangi, uokoe muda wako na bando la mteja.