Vijana na Urithi wa Reli Mpakani

Urithi ukitajwa, wengi wetu hukumbuka ngoma, mavazi na makaburi ya wazee. Ni wachache wanaokumbuka chuma. Lakini sisi tunaofundisha Kiswahili huku Busia na Tororo tunaishi jirani na urithi wa chuma, na yafaa tujiulize ni nani atakayeutunza.

Busia yenyewe haina reli. Garimoshi huvuka mpaka kaskazini yake, huko Malaba, kisha huingia Tororo. Hapo njia hugawanyika: moja yaelekea Jinja na Kampala, ambako reli ilifika mwaka 1931, nyingine ilijengwa kupitia Mbale na Soroti hadi Gulu na Pakwach. Njia panda kama hiyo ilikusanya mafundi, makarani na vibarua wa makabila mbalimbali, na Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zilizowaunganisha kazini.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Shirika la Reli la pamoja nalo liligawanywa. Waliokuwa vijana kazini siku zile sasa ni wazee, na wanapotutoka huondoka na maneno yao. Chukua neno "taruma". Waunda vyombo wa pwani walilitumia kwa mti wa kukazia chombo. Reli ilipokuja, likahamia kwenye magogo yanayobeba vyuma. Wanafunzi wangapi wa mpakani walijua leo?

Huko Wales, mwaka 1951, watu wa kujitolea walianza kuiendesha reli ndogo ya Talyllyn iliyokuwa karibu kufa, na wengine Uingereza wakafuata mfano wao. Hata hivyo, sheria ya mwaka 1920 inayokataza kuajiri watoto katika kazi za reli imezua mjadala huko: je, kijana anayejitolea naye amo? Nairobi nako, jumba la makumbusho ya reli lilifunguliwa mwaka 1971, na humo limehifadhiwa garimoshi kubwa la mvuke liitwalo Mount Gelai.

Sisi tusiige kila jambo. Njia ya Malaba na Tororo ni ya mizigo mizito, wala si mahali pa wanafunzi kujifunzia kazi. Tena, kijana anayetafuta riziki kwa bodaboda hatakubali kuitwa afagie stesheni bure, na mimi simlaumu. Kujitolea hudumu pale anayejitolea anapopata ujuzi na heshima.

Kazi ya namna hiyo ipo, na haihitaji mtaji mkubwa. Vyama vya Kiswahili vya shule za pande zote mbili za mpaka vyaweza kuwatuma vijana kwa wazee wa reli, kwa ridhaa yao, wakaandike majina ya vifaa, ishara za bendera na taa, na desturi za kazi. Maneno yalinganishwe darasani, yahaririwe, na jina la kila mkusanyaji lichapwe kando ya kazi yake. Hapo kijana atajifunza kuuliza, kusikiliza na kuandika. Nasi tutapata istilahi zilizokomaa kazini.

Walimu wenzangu, wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mali hii tunayo. Tuwape vijana daftari wangali wapo wa kuwasimulia.